Upande wa Pili wa Mlango

Ukitaka kumkasirisha Mama Kata, ingia kwenye chumba chake cha picha za pasipoti umuulize ni kamera gani nzuri ya kuanzia filamu. Vijana wanakuja na swali hilo kila mara, simu mkononi, macho yanawang'aa, na yeye huwatazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyejipa dawa mwenyewe. "Kamera unayo hiyo hapo," huwaambia. "Nenda kanunue maiki. Mtu atavumilia picha yenye ukungu, lakini asiposikia mnachosema atanyanyuka aende zake." Akimaliza hapo humwinua mteja wake kidevu kidogo, humpiga picha, na kazi huendelea.

Mimi ni kinyozi, jirani yake ukuta kwa ukuta, na ndimi ninayemshikia hiyo maiki. Sikuomba. Alikuja siku moja akanichunguza mikono, akasema mtu anayeweza kupitisha mashine kwenye kichwa cha mtoto anayelia bila kumkwaruza hawezi kushindwa kushika mti wenye maiki bila kutetemeka. Mti wenyewe ni mpini wa dekio. Basi nikavaa hedifoni zake zilizofungwa kwa plasta, na tangu hapo Jumapili zangu si zangu tena.

Filamu zake anazitengeneza kwa vitu ambavyo wenzake wangetupa. Shuka jeupe la kupigia pasipoti ndilo linalorudisha mwanga wa dirishani kwenye uso wa mchezaji. Meza ya kupigia pasi ndiyo stendi ya kamera. Tukirekodi nyumbani kwa mtu, lazima friji izimwe, maana maiki husikia friji vizuri kuliko inavyosikia binadamu, na simu ya mwenye nyumba huwekwa ndani ya friji hiyo hiyo ili akiitafuta tukiondoka akumbuke kuiwasha friji. Mara ya kwanza nilidhani ananitania. Halafu tukaja kuozesha nyama ya watu kwa sababu simu ilisahaulika mezani, nikaacha kucheka. Jina lake limetokana na ukelele anaoutoa akitaka kamera isimame. Anaweza kukata chozi likiwa katikati ya shavu, kama kuna pikipiki imepita nje.

Lakini sheria aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mpangilio. Filamu ya watu wasio na kitu, alisema, hairekodiwi kwa kufuata hadithi, hurekodiwa kwa kufuata watu: nani amepata ruhusa kazini, nani anahama, nani ana mimba inayokua. "Anayeondoka kwanza anarekodiwa kwanza," alituimbia mpaka tukachoka. Tena wachezaji wawili wanaozungumza hawana haja ya kuwepo siku moja. Huyu unamrekodi leo upande wake, anaongea na ufagio uliosimamishwa pale ambapo macho ya mwenzake yangekuwa. Yule mwingine unamrekodi akipata nafasi. Ukija kuwaunganisha, mtazamaji ataapa walikuwa wanatazamana.

Mchezaji wake mkuu alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yao, fundi wa mafriji. Tulimwita Fundi tu. Mama yao alipofariki, Mama Kata ndiye aliyemlea, na hadi ukubwani aliendelea kumfunga vifungo vya shati mbele za watu. Fundi alikuwa na uso unaokaa vizuri kwenye kamera. Hata akisimama tu bila kusema kitu, ungetaka kujua anawaza nini. Mara nyingi alikuwa anawaza friji ya mtu. Mkewe alikuwa mfuaji wa mashuka katika nyumba ya wageni, mwanamke wa maneno machache na kicheko kikubwa, na kwenye filamu hii ya mwisho naye alipewa nafasi: kuwa mke wa mumewe. Hadithi ilikuwa nyepesi. Mwanamume anaondoka nyumbani kwa hasira, anapotea miaka, halafu anarudi kugonga mlango.

Tulikuwa hatujaanza kurekodi wakati Fundi alipoanza kulalamikia tumbo. Alipungua, tukamtania kwamba mkewe anamnyima. Alipokwenda kupimwa, dada yake ndiye aliyemsindikiza, na majibu yalipotoka daktari akamwita dada peke yake.

Siku hiyo Mama Kata alikuja dukani kwangu, akasubiri mteja aondoke, akavuta pazia la mlangoni.

"Hatapona," aliniambia. "Saratani imeshasambaa. Wamesema tumpeleke nyumbani, tumpe anachokitaka."

Nilimuuliza kama Fundi ameambiwa.

"Akijua ataacha kula. Na wifi akijua, yule hawezi kuficha, mdogo wangu atausoma uso wake asubuhi hiyo hiyo. Nimekwambia wewe kwa sababu nakuhitaji kila Jumapili. Nataka tumalize sini zake zote, kila kipande anachoonekana, Kinyozi. Nataka abaki mahali fulani akiwa mzima."

Nilimwonea huruma, na palepale nikamkasirikia. Mtu hafichwi kifo chake, nilimwambia. Akanijibu kwamba nimlee mtoto wa mtu mgongoni kwanza, kisha nije nimfundishe. Akapangua ratiba yote, Fundi akawa wa kwanza kila mahali, hata sini ya mwisho kabisa ya mlangoni ikawekwa Jumapili iliyofuata. Mkewe aliambiwa siku hiyo hahitajiwi, aende zake kazini asije akakosa zamu.

Jumamosi, siku moja kabla, Fundi alikuja kunyolewa. Nilimfunga kitambaa, nikaona jinsi shingo ilivyokwisha. Tulikuwa tunatazamana kwenye kioo.

"Kinyozi, naona dada amenipanga mimi kwanza kila siku," alisema. "Hadi mwisho wa filamu."

"Ndiyo alivyopanga."

"Kwa nini?"

"Si wewe ndiye mwenye sini nyingi?"

"Filamu iliyopita pia nilikuwa nazo nyingi, na nilirekodiwa wa mwisho, nikalala kwenye kiti nikingoja." Aliinamisha kichwa nikampitishia mashine nyuma ya sikio. "Anayeondoka kwanza anarekodiwa kwanza. Si ndivyo? Sasa nieleze, ndugu yangu, mimi nasafiri kwenda wapi?"

Nilizima mashine. Yeye alinitazama kwenye kioo, kisha akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba nimeshamjibu.

"Usimwambie dada kwamba najua," alisema. "Amehangaika sana kunificha, mwache ajue amefaulu. Mke wangu nitamwambia mwenyewe, nikipata pa kuanzia. Haya, malizia upande huu, usije ukaniacha nusu kichwa."

Jumapili tulirekodi nyumbani kwake. Mkewe alishaondoka. Kamera tuliiweka ndani, inatazama nje mlangoni, na kando yake tukasimamisha ufagio ndani ya ndoo ya mchanga, na juu yake Mama Kata akabandika kipande cha plasta nyekundu kwenye kimo cha macho ya wifi yake. Friji ilizimwa. Fundi mwenyewe ndiye aliyetia simu ndani, akacheka kwamba ametumia maisha yake yote kuhakikisha mafriji yanawaka, na dada yake hana kazi ila kuyazima.

Maneno ya sini ile yalikuwa machache. Mume anagonga, mlango unafunguliwa, anasema, "Ni mimi." Mke anasema, "Nakuona." Mume anasema, "Nimechelewa." Mke anasema, "Umechelewa sana." Mume anasema, "Ukinifukuza sitakulaumu." Mke anakaa kimya, kisha anasema, "Ingia." Mume anasema, "Asante," na filamu inaishia hapo. Upande wa mke hakuna aliyeusoma. Mama Kata alitaka kimya kisafi ili sauti ya wifi yake ije itoshee humo baadaye, kwa hiyo Fundi aliyasoma majibu ya mkewe kichwani, akaacha nafasi, akaendelea.

Mara ya kwanza pikipiki ilipita, tukakata. Mara ya pili alikuja taratibu, akashika fremu ya mlango kwa sababu kweli alihitaji kuishika.

"Ni mimi," aliuambia ufagio. Akanyamaza. "Nimechelewa." Na pale ambapo angetakiwa kunyamaza tena, akaongeza maneno ambayo hayakuwamo. "Sikujua namna ya kukwambia."

Nilikuwa na hedifoni masikioni. Niliyasikia karibu kuliko mtu yeyote. Aliendelea mpaka "asante" yake, na Mama Kata akapiga ukelele wa furaha.

"Kata! Hiyo ndiyo! Na hayo uliyoongeza umeyatoa wapi, baba?"

"Yamekuja tu, dada."

Mama Kata alimkumbatia, akamrekebisha kola. Nilitoka nje na mpini wangu wa dekio, nikajifanya nakunja waya.

Pa kuanzia Fundi hakupapata. Tulimaliza sini zake zote, hilo dada yake alilifanikisha, lakini baada ya kumaliza alianguka bafuni, akalazwa, na tangu hapo alikuwa wa dripu na kulala. Mkewe alikaa kitandani pake akimsimulia habari za nyumbani, akimwahidi kwamba akitoka watapaka rangi ukuta wa sebuleni. Fundi alikuwa anamtazama. Alifariki mchana, mkewe ameenda kumchukulia shuka safi.

Msiba ulipopoa, Mama Kata alikaa na filamu yenye mlango unaogongwa na hakuna anayefungua. Alisita muda mrefu. Mwishowe aliniomba tufuatane kwa wifi yake kumuuliza kama ataweza kurekodi upande wake, na kama hawezi basi, angefunga kila kitu kwenye sanduku.

Shemeji, ndivyo nilivyomwita mke wa Fundi, alitukaribisha. Alisikiliza, kisha akataka kwanza amwone mumewe. Mama Kata akamfungulia kwenye kompyuta. Shemeji alitazama mara moja, akarudisha nyuma, akatazama tena. Kisha akauliza hii ilikuwa siku gani.

"Ile Jumapili uliyokwenda kazini," alisema Mama Kata.

"Wifi, na siku hiyo mlikuwa mnajua?"

Mama Kata alikunja kanga yake, akaikunjua. "Nilikuwa najua."

"Na yeye?"

"Yeye hapana. Yeye nilimficha, Mungu ni shahidi."

Nilikuwa nimebeba neno la marehemu, na nilidhani nitakwenda nalo kaburini. Lakini nilivyomwona yule mwanamke anavyoitazama ile picha iliyosimama, na mumewe ameshika mlango, nikaona kunyamaza kwangu kungekuwa wizi.

"Alijua," nilisema. "Aliniambia kwenye kiti changu. Alijua kwa ile ratiba."

Mama Kata aligeuka akanitazama, midomo imeachana. Alizeeka mbele yangu, sijui niseme vipi vingine. Alikuwa ameuficha uchungu wote ule mbele ya mdogo wake, na mdogo wake alikuwa ameuficha wa kwake mbele ya dada, wakawa wanachekeana.

Shemeji hakupaza sauti. "Kwa hiyo mume wangu aliagana na ufagio," alisema. "Na mimi nilikuwa kilomita mbili kutoka hapa, nafua mashuka ya wageni."

"Nisamehe, mama," alisema Mama Kata. Alikuwa analia waziwazi, bila hata kujifuta. "Nilitaka kuokoa muda tu."

Tuliondoka bila jibu. Wiki ile Mama Kata hakufungua chumba chake, wateja wa pasipoti wakawa wanagonga kwangu kuuliza. Kisha shemeji akaja mwenyewe, akasimama mlangoni, akasema atacheza. Ila hataki kusomewa na mtu maneno ya mumewe. Tumwekee sauti ya marehemu mwenyewe.

Tulirudi kwenye nyumba ile. Safari hii kamera ilikaa nje, pale Fundi aliposimama, na kando yake juu ya meza ya pasi tukaweka spika ndogo. Shemeji alisimama ndani akiwa na gauni la kawaida, mkono kwenye kitasa. Alikuwa amepaka rangi ukuta wa sebuleni. Mama Kata akabonyeza, tukasikia mlango ukigongwa, na shemeji akafungua.

"Ni mimi," ilisema sauti ya Fundi.

"Nakuona."

"Nimechelewa. Sikujua namna ya kukwambia."

Hapo alitakiwa aseme amechelewa sana. "Ungeniambia hivyo hivyo," alisema shemeji. "Hata vibaya. Ningebaki nyumbani siku ile, ningekupikia, ninge..."

"Ukinifukuza sitakulaumu," ilimkatiza ile sauti, maana Fundi alikuwa amemwachia nafasi ya maneno mawili tu.

Sasa shemeji alitakiwa amwambie aingie. Nilimtazama Mama Kata nikidhani atakata. Alikuwa ameshikilia meza ya pasi kwa mikono yote miwili. Kile kimya tulichokirekodi kwa uangalifu, bila friji wala pikipiki, kikapita chote, na mwanamke bado anaitazama spika.

"Asante," alisema Fundi.

"Ingia," alisema mkewe, akasogea pembeni kumpisha.