Fundi Aliyedai Shikamoo

Kwanza ujue kwamba mimi si mtu wa kuamini mambo haya. Nimesoma uhandisi chuo kikuu miaka minne, na nyumbani Lupiro wananiita Kwa Nini, maana hata padre akimaliza kuhubiri mimi nabaki na swali. Kwa hiyo ninapokuambia kwamba jambo hili lilinitokea, asubuhi kweupe, mbele ya watu wawili ambao unaweza kwenda kuwauliza, nivumilie. Nimejaribu kulikanusha kuliko utakavyojaribu wewe.

Nina gari dogo la milango mitatu, la zamani, limekatika nyuma kama limekatwa kwa panga, lakini injini yake ni kali kuliko mwili wake. Lilitengenezwa kabla sijaanza darasa la kwanza. Nililinunua likiwa mkweche nikalifufua mwenyewe: plagi, mkanda wa taimingi, bushi za mbele, breki zote nne. Likabaki na ugonjwa mmoja tu. Likipigwa na jua, linazimika ghafla barabarani. Ukilisubiri lipoe, linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilibadilisha koili. Nikabadilisha kichujio cha mafuta, kisha sensa mbili nilizoagiza Dar. Likaendelea kuzimika. Halafu zikaja wiki tatu za mvua mfululizo halikuzima hata mara moja, nami nikajitangazia kwamba nimeliponya. Unaliona kosa langu? Jua lilikuwa halijatoka wiki tatu, na mimi nikajipa sifa.

Mdogo wangu Editha alikuwa anafunga ndoa Ifakara, Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Misa saa nne kamili. Padre alishasema mapema kwamba akitoka hapo anakwenda kigango kingine, na atakayechelewa atasubiri mpaka Pasaka ipite. Bwana harusi alikuwa na likizo ya siku tano tu kazini. Na nani aling'ang'ania kumpeleka bibi harusi kanisani kwa gari lake? Mimi. Baba mdogo alitoa gari lake kubwa, nikamwambia halina hadhi.

Ndugu wote walitangulia na basi alfajiri. Tukabaki sisi watatu: mimi, Editha ndani ya gauni lililojaza kiti chote cha mbele, na shangazi Kresensia, msimamizi wake, amejikunja kiti cha nyuma na boksi la maua mapajani. Tulitoka Lupiro saa tatu kasoro. Mawingu yalikuwa yamefunguka, jua la Februari likatuangukia moja kwa moja. Niamini, hatujafika hata nusu ya njia ya kwenda kwenye daraja la mto unaotutenga na Ifakara, gari likanyamaza. Halikukohoa wala kutetemeka. Lilinyamaza tu, tukateleza mpaka likasimama katikati ya mashamba ya mpunga.

"Mhandisi," shangazi akasema, "limesinzia?"

Nilifungua boneti. Nikachomoa plagi, nikaangalia koili, nikapapasa waya zote. Saa tatu na dakika tano. Saa tatu na kumi. Simu haikuwa na mtandao. Barabara ile, ambayo siku nyingine bodaboda hupishana kama siafu, siku hiyo haikupitisha hata baiskeli. Editha hakulia. Alinitazama tu kupitia kioo, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Nilipoinua kichwa, kijana mmoja alikuwa amesimama pembeni ya taa ya mbele. Ametokea wapi? Sijui. Alivaa ovaroli ya rangi ya udongo, imelowa mpaka kifuani. Umri wake miaka ishirini na tatu, ishirini na nne, hazidi. Mimi nina ishirini na saba.

"Mambo vipi, dogo," nikamwambia.

"Dogo nani? Nipe shikamoo."

Nikacheka. Ungefanyaje wewe? Lakini nikasikia sauti ya shangazi kutoka nyuma, ya unyenyekevu ambao sijawahi kuusikia kwake.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Shangazi ana miaka hamsini na mitano. Nilimwona akiziba mdomo kwa mkono, kama mtu ambaye mdomo wake umesema bila kumwuliza. Editha naye akaamkia. Akajibiwa vilevile, kwa upole, "Marahaba, mwanangu." Kisha yule kijana akanigeukia mimi, akangoja.

"Kwa kipimo gani?" nikamwuliza. "Nionyeshe kitambulisho, tulinganishe miaka."

Hakukasirika. Alikwenda kukaa ukingoni mwa barabara, akakunja mikono.

Nikarudi kwenye injini. Nikachomoa tena plagi zilezile. Saa tatu na robo. Saa tatu na dakika ishirini. Jasho lilikuwa linadondoka juu ya injini na kuchemka. Yeye amekaa tu, ananitazama kama mtu anayemtazama mbuzi akijaribu kufungua geti.

"Kaka!" Editha akapaza sauti. "Toa hiyo shikamoo, au unaitunzia mahari?"

"Yaani ndoa ya mtoto ivunjike kwa neno moja," shangazi akaongeza. "Shule imekuharibu wewe."

Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba." Akainuka papo hapo. "Sasa funga boneti."

"Nifunge?"

"Huko mbele unatafuta nini? Kaa kwenye usukani. Washa swichi, usipige stata." Nikawasha. "Mama wa nyuma, unasikia nini chini yako?"

"Sisikii kitu," shangazi akajibu.

"Umekalia pampu ya mafuta. Ilitakiwa ikuimbie kidogo kila swichi inapowashwa. Haiimbi, kwa sababu haipati umeme." Akanitazama. "Miezi yote hiyo hukuwahi kusikiliza nyuma?"

Sikuwahi. Miaka minne ya chuo, na sikuwahi kugeuza shingo.

Aliingiza mkono chini ya dashibodi upande wa Editha bila kuinama kutazama, akachomoa rilei, kile kisanduku kidogo kinachopitisha umeme kwenda kwenye pampu. Akakifungua kwa ukucha. Akanionyesha: kila mguu wa chuma ulikuwa umezungukwa na ufa mwembamba kama unywele, pale lehemu ilipopasuka kwa uzee. Ndani ya gari kukipata joto, chuma kinatanuka na nyufa zinaachana. Kukipoa, zinagusana tena. Ndiyo maana ugonjwa ulikuwa unakuja na kuondoka. Nilielewa kila kitu kwa sekunde moja, na nakiri nilitaka kulia kwa furaha.

"Lakini hatuna moto hapa," nikasema. "Hii inataka kulehemiwa upya."

Alikandamiza dole gumba kwenye mguu wa kwanza. Ukapanda moshi mwembamba, na harufu ya lehemu inayoyeyuka ikajaa mle ndani. Akaenda wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Nilikuwa hatua moja kutoka kwake. Mikononi hakuwa na kitu. Naapa, hakuwa na kitu.

Aliponipa kile kisanduku nilikipokea kwa kidole cha shahada na gumba, nikapiga kelele. Kilikuwa cha moto kama kaa. Nikakirudisha mahali pake kwa kitambaa, nikawasha swichi. Nyuma yetu, chini ya shangazi, pampu ikaimba: ng'iiii, kisha tiki.

"Inaimba!" shangazi akapiga makofi.

Stata mara moja tu, injini ikanguruma. Nikageuka kumshukuru. Barabara imenyooka, mpunga pande zote mbili unafika magotini, na hakukuwa na mtu. Kwenye zulia la gari, mbele ya miguu ya Editha, palikuwa na maji ya tope kiasi cha bakuli.

Nilikanyaga mafuta. Ewe msomaji, gari lile lilikimbia siku hiyo kuliko siku yoyote ya maisha yake. Darajani tulipita jua likiwaka kama tanuri, mto umejaa chini yetu, nami nikangoja lizime. Halikuzima. Tuliingia Ifakara honi ikilia, watoto wakitukimbilia, na tulipokata kona ya kanisa padre alikuwa mlangoni anatazama saa yake. Saa nne kasoro dakika mbili. Editha alishuka na tope kwenye pindo la gauni na kichwa juu, vigelegele vikapasua anga. Dakika arobaini baadaye alikuwa mke wa mtu.

Baada ya wiki moja, rafiki yangu anayetengeneza redio mjini aliifungua ile rilei mbele yangu. Aliinyanyua kwenye taa, akaigeuzageuza. Katika kila tone la lehemu mpya palikuwa na alama ya kidole, mistari yote ikiwa safi. "Hii huyeyuka kwa joto la karibu nyuzi mia mbili," akaniambia. "Nani kashika hapa?" Nikatafuta maelezo. Bado natafuta.

Mama mmoja anayeuza samaki karibu na daraja alinicheka nilipomsimulia. Akasema huyo ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga, alizama na mtumbwi zamani, kabla daraja halijawazwa, akiwa kijana. Wenzake wa rika lake sasa wana vitukuu. "Yeye ndiye mkubwa wao," akasema, "ila sura ilibaki pale pale. Ukimwita dogo unamchoma."

Vidonda vya vidole vyangu vilipona baada ya mwezi, lakini dole gumba limebaki laini kama harage. Simu hailitambui. Nilipokwenda kusajili laini mpya, dada wa mashine ya alama za vidole alinifutisha mkono mara tano, kisha akaniuliza kama kidole ni changu.

Gari halijazima tena tangu siku hiyo, na rilei hiyo siibadilishi kwa mpya hata ukinipa bure. Nawe, ukikwama kati ya Lupiro na mto, na kijana aliyelowa akasimama mbele ya taa yako, usimpigie hesabu za miaka. Mwamkie upesi. Mimi nilibishana naye dakika kumi, na nikizikumbuka naona kwamba zingeongezeka tatu tu, dada yangu angeshushwa mbele ya kanisa lililofungwa.