Springi za Mtu Mmoja

Mimi ni mfupi. Nasema mapema ili tuyamalize, maana kulificha jambo hilo ndiko kulikoniletea yote haya.

Wanaojua pikipiki husema kruza, zile nzito za kukaa umenyoosha miguu mbele kama uko sebuleni, ni za chini na kila mtu anazimudu. Kila mtu nani? Yangu niliinunua mtumba, nyeusi, na nikisimama kwenye taa nilifika chini kwa vidole tu. Siku moja kwenye kituo cha mafuta, mbele ya wenzangu wanne tuliokuwa tukizunguka pamoja kila Jumamosi, mguu wangu ulikanyaga dizeli iliyomwagika. Pikipiki ikalala, nami nikalala chini yake. Walininyanyua kwa adabu zote, hakuna aliyecheka pale. Walicheka baadaye kwenye chai, nami nikacheka nao huku nimenuna moyoni.

Jumatatu nilikwenda Ngarenaro kwa fundi, mzee wa Kisingasinga aliyezaliwa mtaa uleule, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Nikamwamkia, nikamwambia nataka ishuke nyuma. Akanikalisha juu ya pikipiki, akachuchumaa na futi, akapima kutoka katikati ya gurudumu hadi kwenye madigadi, lile bati la juu ya tairi.

"Unabeba mtu?" akauliza.

"Hapana, mzee. Niko peke yangu siku zote."

"Basi nakuwekea shokapu fupi, springi laini, za mtu mmoja mwepesi kama wewe. Siku ukitaka kubeba mtu, rudi hapa kwanza. Usije ukavunja kiuno cha mtu."

Nilimwambia sawa. Wala sikumdanganya, siku ile ulikuwa ukweli mtupu. Jioni nilirudi Kaloleni ninakopanga, na kila nilipopata sababu ya kusimama nilisimama, nyayo zote mbili chini, najiona dume.

Jumamosi wenzangu walikuwa na macho. Mmoja wao, mrefu, mwenye mdomo, akaizunguka pikipiki akauliza, "Umeikata ishuke? Kisa miguu?" Wengine wakaanza kutabasamu.

"Ni mama," nikasema. "Magoti yake hayawezi kitu kirefu. Nimeishusha ili apande."

Sijui lilitoka wapi neno hilo. Mama yangu anaishi kijijini, Akheri, na kufikia siku ile alikuwa hajawahi kupanda pikipiki maishani mwake na alishaapa hatapanda. Bodaboda za soko la Tengeru alikuwa anazipita na mzigo kichwani, akiwaambia vijana wampishe. Lakini wenzangu waliacha kutabasamu. Yule mrefu akanipiga begani, akasema, "Wewe ni mtu." Nikavimba kichwa, na sikusahihisha.

Ningeachiwa hapo pengine yangeisha. Ila wiki mbili baadaye yule mrefu alinisindikiza Akheri, mama akatupikia ndizi, na katikati ya kula jamaa akaanza: "Mama, una mtoto. Sisi wengine tunaweka mataa na redio. Mwenzetu ameikata pikipiki yake ili wewe upande." Mama akanitazama, mwiko bado uko mkononi. Ilikuwa nafasi yangu. Ningesema nilitania tu, tungecheka, yangepita. Mimi nikajitia natafuta mwiba kwenye samaki, na ile sahani haikuwa na samaki.

Jumapili iliyofuata nilimkuta amesimama mlangoni, kitenge cha kanisani, kofia ngumu ya kuazima kichwani.

"Twende," akasema. "Umejisumbua kiasi hicho, mimi nitakataaje?"

Alinishika koti kwa mikono yote miwili. Mama ni mtu wa mwili. Tulipofika kwenye mawe ya mteremko, chuma kiligonga chuma chini yake, kung. Kwenye lami kuna matuta matatu kabla ya kanisa, na kila tuta likatoa ule mlio, na kila mlio nikasikia pumzi ya mama inakatika mgongoni kwangu.

Nilijua. Hapa ndipo ninaposhindwa kujitetea hadi leo, kwamba siwezi kusema sikujua. Tuta la kwanza tu nilijua ni nini, maana fundi aliniambia kwa Kiswahili ambacho hata mtoto angeelewa. Lakini kurudi kwa fundi ni kueleza kwamba sasa nabeba mtu, na kumwambia mama asipande ni kueleza kwa nini. Nikapunguza mwendo. Nikasema, "Barabara hii mbaya kweli."

Tulikwenda hivyo Jumapili sita. Ile ya nne mama alileta mkungu wa ndizi kutoa shukrani, na baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka pale nje, mwinjilisti akatangaza kwamba mkungu huu ni wa mama ambaye mwanawe alikata pikipiki yake kwa ajili yake. Akina mama wakapiga vigelegele. Watu wakanigeukia, ikabidi niununue mimi mwenyewe. Niliufunga nyuma ya pikipiki nikaenda nao Kaloleni, na sikula hata ndizi moja. Ziliiva zikaoza kwenye kona ya chumba, nikawa nanusa tu.

Baada ya ile ya sita nilipita Akheri siku ya kazi bila taarifa. Nilimkuta mama shambani amepiga magoti, anachuma maharage kwa kutambaa kwa sababu hawezi kuinama. Alipotaka kusimama alishika mgomba kwanza. Nguo zake zilinuka dawa ya kuchua.

"Ni baridi ya huu mlima," akasema, na jua lilikuwa linatuunguza wote wawili.

"Basi Jumapili upumzike, mama."

"Tutakwenda kama kawaida. Watu wameshazoea kutuona."

Kesho yake nilikuwa Ngarenaro asubuhi na mapema. Nilimwambia mzee nataka kubeba mtu. Sikumwambia zaidi, na yeye hakuuliza. "Mlete huyo mtu," akasema. "Springi za watu wawili sikisii. Lazima mkae wote nipime."

Nikamleta mama. Alikuja kwa gari, mimi na pikipiki. Tukapanda, mimi mbele, yeye nyuma, mkono wake begani kwangu. Mzee akachuchumaa na futi yake. Akapitisha kidole ndani ya madigadi, mahali tairi lilipokuwa limekwangua rangi mpaka bati likaonekana.

"Hii imegonga mara nyingi," akasema. Akaninyanyulia macho. "Si nilikuuliza unabeba mtu? Ukaniambia uko peke yako siku zote. Na ulitaka ishuke sababu ya miguu yako."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mkono wa mama haukuondoka begani, ila ulikuwa mzito.

"Mzee," mama akasema, "kosa ni langu. Aliishusha kwa ajili yangu, mimi ndiye nilikuwa sitaki kupanda. Nilibadili mawazo baadaye."

Huyu ndiye mama aliyenichapa kwa fimbo ya mti wa kahawa kwa kusema nimekwenda shule wakati nilikuwa mtoni. Ukiacha ile baridi ya mlima, sijawahi kumsikia akisema uongo, kabla ya siku ile wala baada yake. Mzee akaguna, akaandika vipimo vyake kwenye kipande cha boksi.

Shokapu nzuri alikuwa nazo: nene, za kukazwa na kulegezwa kwa spana, na pikipiki ikabaki chini vilevile. Mama alisubiri kwenye kigoda, akanywa chai ya mzee, wakazungumza habari za mvua. Jioni tulirudi Akheri pamoja. Kwenye tuta la kwanza nilikaza mabega, nikangoja. Hakuna mlio. Tulipanda tuta, tukashuka, kimya. La pili hivyohivyo.

Baada ya la tatu mama akasema karibu na sikio langu, "Kumbe ilikuwa inawezekana."

"Ndiyo, mama," nikasema.

Jumapili nilifika mapema, nikapiga honi. Jirani akaniambia mama ametangulia, kwa miguu. Nilimkuta kwenye ule mteremko wa mawe, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika Biblia na kitabu cha nyimbo. Nikasimama kando yake, nyayo zote mbili chini, nikamwambia, "Panda, mama, sasa haigongi."

"Nenda tu, baba," akasema, bila hasira yoyote. "Mimi nitafika."