Kitambaa Kubwa Kuliko Zote

Hapana, sijamkataza. Kama Atieno anataka kupiga hiyo kiti ya marehemu mama yangu msasa, apige. Mjukuu wangu huyo amekuja hapa Sindo kutoka Nairobi na mkebe wa vanishi, amechuchumaa nje kwangu kama fundi, na ule mguu wenye ufa hataki kuuziba. Nikamwambia aweke gundi, apake rangi, ufa ipotee. Akaniinulia kidole na kucha refu kama ya mwewe: "Aaai, Dana, nyanya yangu! Ufa ndio urembo yake. Siku hizi watu wanataka kitu yenye imeishi."

Kitu yenye imeishi! Mimi pia nimeishi, na sijaona mtu wa kunipaka vanishi.

Nyinyi wa rika langu mnajua, siku zetu ufa haikuonekana kwa nyumba ya mtu. Mama yetu alishona vitambaa za uzi nyeupe mpaka redio ikavaa. Kiti ikitoboka, kitambaa. Meza ikiungua na pasi ya makaa, kitambaa. Tulizifua na buluu, tukaziloweka kwa maji ya muhogo, zikikauka zinasimama ngumu kama omena, hizo dagaa kavu za ziwa. Ukizikalia, unaamka na maua kwa mapaja. Ukiuliza mama kwa nini, anakuambia, "Mgeni amekuja kula, hajakuja kukagua."

Na shida ikiwa kubwa, kitambaa inakuwa kubwa. Sisi wa nyumbani tulijua: penye maua mengi, usikalie.

Sasa siku watu wa Kendu Bay walikuja kuuliza dada yangu Adhiambo aolewe na kijana wao, hiyo kiti ilikuwa imepasuka mguu. Mama aliufunga na waya, akaisukuma kwa kona, akaifunika na kitambaa kubwa kuliko zote, ya tausi wawili, mpaka chini. Adhiambo alikuwa jikoni anakaanga kuku, anaimba. Huyo kijana alikuwa anamtaka kweli kweli.

Akaingia baba mkubwa wa kijana, tumbo mbele. Akaangalia viti zote. Wewe ungechagua gani? Akaenda kwa tausi.

"Baba, hapo kuna upepo," mama akasema, sauti ndogo kama ya kifaranga.

"Upepo ndio nataka, mama."

Baba yetu akakohoa. "Karibia hapa na mimi, mzee, tuongee."

"Nakusikia vizuri kutoka hapa."

Nani angemwambia kiti imevunjika? Hiyo ni kuvua nyumba yote nguo. Sisi watoto tulikuwa mlangoni, tunachungulia.

Akakaa. Tausi wakapanda juu, mzee akashuka chini. Mimi ndio nilicheka wa kwanza, na mimi ndio nilichapwa.

Namcheka Atieno na kucha yake. Lakini nikiangalia huo mguu saa hii, unang'aa na ufa yake wazi mbele ya watu, naacha kucheka. Siku hiyo tungeuacha hivyo, mzee angeuona, angekalia benchi, na Adhiambo angeenda Kendu Bay. Aliolewa Masara baadaye, na mtu wa kuchimba dhahabu. Mtu mzuri tu. Nikienda kumtembelea, jikoni kwake ilikuwa kimya.

Kuku ya wageni tulikula sisi wenyewe. Kwa sababu yule mzee, hata kabla ainuliwe, alibaki hapo sakafuni, kitambaa kwa bega, akaanza kuangalia nyumba: redio imevaa, meza imevaa, viti zote zimevaa. Saa hiyo hiyo Adhiambo akaingia na sinia, amefunga leso mpya. Mzee akamuangalia juu mpaka chini, akageukia baba yetu:

"Na huyu, mmemfunika wapi?"