Nilitumwa Same Kubadili Difu

Niliondoka nyumbani kwa hasira. Nasema mapema msije mkadhani nilikwenda kutalii. Kikundi chetu cha wakulima wa tangawizi, huku juu ya Gonja, kina pikapu moja, na dereva wake ni mimi. Kwa muda mrefu pikapu hiyo imekuwa ikinywa dizeli kama tangi limetoboka, na lawama zote zikanishukia mimi. "Mama Upendo ana mguu mzito," walisema kwenye kikao. Aliyesema zaidi ni mweka hazina, Nehemia, mdogo wa mume wangu. Yeye ndiye aliyetushauri tufunge matairi makubwa ya 265 badala ya 205 yaliyokuja na gari, ili linyanyuke, lipite kwenye tope na, tusifichane, lipendeze mbele ya kanisa.

Sasa alikuwa na ushauri mwingine. Niende Same, difu letu, lile bonge la gia linalozungusha matairi ya nyuma, likabadilishwe na la gari la lami, lenye mwendo, ili injini isipige kelele na mafuta yapungue.

"Likishindikana na hilo," alisema mwenyekiti wetu, Mzee Sefania, "ufunguo tutampa mtu mwingine."

Nililala na maneno hayo kifuani. Udereva ndio kazi niliyoisomea na ninayoipenda, na huku kwetu hakuna mwanamke mwingine anayeifanya. Wakininyang'anya ufunguo, hakuna atakayesema tatizo lilikuwa gari. Watasema tatizo lilikuwa mwanamke.

Alfajiri nilishuka na magunia ya tangawizi. Nehemia huwa ananiambia nikifika mteremkoni nitoe gia niweke friii, ati injini ipumzike. Thubutu! Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili unaona mapaa ya watu wa Maore. Nilishuka na gia ya pili, injini ikishikilia gari, mguu wangu ukiwa mbali na pedeli ya mafuta. Nilipofika bondeni nikashika njia ya Kisiwani, milima ikiwa kushoto kwangu na mbuga ya Mkomazi kulia, mpaka Same.

Same kulikuwa na upepo na vumbi kama kawaida yake. Nilishusha mzigo, nikaenda moja kwa moja gereji, nikaeleza alichoagiza shemeji yangu. Fundi, kijana mcheshi aliyevaa ovaroli lisilo na rangi tena, aliniwekea difu mbili chini na kuzizungusha kwa mkono.

"Hili ni kama lako, nne nukta moja. Shafti inazunguka mara nne na kidogo ndipo tairi lizunguke mara moja. Hili analolitaka shemeji yako ni tatu na nusu. Kwenye lami tambarare, safi kabisa. Gari lako linafanya kazi wapi?"

"Mlimani."

"Na matairi ndiyo haya haya makubwa?"

"Ndiyo haya."

Akacheka, kisha akaona sura yangu akaacha. "Dada, nitakufungia ukitaka. Lakini tairi kubwa tayari limeshafanya gia zako zote kuwa nzito. Ukiongeza na hili, utapanda na gia namba moja kutoka chini mpaka juu, halafu utaniletea klachi."

Nilibaki nimeshika kiuno. Kukataa ni kuvunja agizo la kikao, kukubali ni kurudi na gari lisilopanda. Nikamwambia aniwekee difu hilo hadi nitakaporudi, nikaondoka. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kumwona mtu wa kwetu asiyenilaumu.

Jioni nilifika Ndungu, kwa binamu yangu Eliakimu. Ni mkulima wa mpunga, na ana pikapu ya aina moja na yetu, hadi rangi, ila yake ina matairi madogo ya 205. Nilimkuta uani anapepeta maneno na majirani.

"Karibu, dereva wa meli!" alinipokea, akiyatazama matairi yangu. "Hiyo ngazi ya kupandia umeiacha wapi?"

Mke wake alinipa wali na samaki wa Nyumba ya Mungu. Nikala, nikawaeleza kila kitu, hadi machozi yakanitoka. Eliakimu hakunihurumia hata kidogo, ndivyo alivyo. Akasema huenda kweli mguu wangu ni mzito.

"Kesho nakwenda Bendera kuchukua mahindi, gari langu halitoshi," akasema. "Twende wote, tuone nani mzito."

Asubuhi, kwenye magari yote mawili, tulirudisha kwenye sifuri zile namba ndogo za dashibodi zinazohesabu kilomita za safari, tukaanza safari. Yeye mbele, mimi nyuma nikila vumbi lake. Barabara ni tambarare, na lazima niseme ukweli: kwenye tambarare matairi makubwa ni raha. Injini ilikuwa inanong'ona tu.

Bendera tulipaki chini ya ukuta wa ghala, tukasoma namba. Yake ilikuwa imezidi yangu kwa kilomita mbili na zaidi.

"Umepita wapi?" aliniuliza.

"Nimepita wapi tena, Eliakimu? Si nilikuwa nyuma yako!"

Tulibishana mpaka wapakiaji wakaacha kazi. Mmoja wao akasema gari langu bovu, mwingine akasema la Eliakimu. Nilichukua kamba ya kufungia mizigo nikaizungushia tairi la Eliakimu, nikaweka fundo. Kisha nikaizungushia langu. Haikufika! Ilipungua shibiri nzima. Yaani kila tairi langu likizunguka mara moja, gari linakwenda shibiri moja zaidi, na dashibodi haina habari. Yenyewe inahesabu kila mzunguko kama wa tairi lile la zamani.

Lo! Nilikaa chini palepale. Kila mwisho wa wiki Nehemia husoma kilomita kwenye dashibodi, anazilinganisha na dizeli, halafu anatoa hukumu. Kumbe kila safari tulikuwa tunakwenda mbali kuliko namba zilivyosema, na ile tofauti yote nimebebeshwa mimi.

"Basi umepona," Eliakimu alisema.

"Bado," nikamjibu. Maana hesabu ilikuwa jambo moja, na mlima jambo lingine. Mlimani gari lilikuwa linateseka kweli, nililisikia kwa masikio yangu. Hapo ndipo nikayatazama matairi yake, naye akayatazama yangu. Nadhani tuliwaza sawa, maana alianza kucheka kabla sijafungua mdomo.

Tuliporudi Ndungu tulitoa jeki, tukabadilishana magurudumu yote manne. Nati ni zile zile. Yeye kazi yake ni tambarare na tope la mashambani, alifurahi kama bwana harusi. "Sasa gari langu litazeeka polepole," alisema, "kilomita zinajificha!"

Siku ya tatu asubuhi nilijaza tangi, nikapakia mchele, nikaanza kupanda kutoka Maore. Kona ambazo huwa nazipita na namba moja, safari hii nilizipita na namba mbili, na penye nafuu na tatu. Niliimba peke yangu humo ndani, tena kwa sauti.

Karibu na kijijini nikasikia pembe inapulizwa. Msaragambo! Kijiji kizima kilikuwa kimetoka kufukia barabara iliyokatwa na mvua, na kwetu siku ya msaragambo hapiti mtu bila kushika jembe, awe dereva, awe mchungaji. Kamba ilikuwa imefungwa kukatiza njia, tena mahali pabaya kuliko pote, katikati ya mwinuko mkali. Nikaweka jiwe nyuma ya tairi, nikashuka.

"Shikamoo, Mzee," nikamwamkia Mzee Sefania.

"Marahaba, mama. Difu limefungwa?"

Kabla sijajibu, Nehemia alikuwa ameshazunguka gari. "Matairi yako wapi? Jamani, huyu ameuza matairi ya kikundi!"

Majembe yakasimama. Niliwaeleza yote, gereji, Bendera, kamba, Eliakimu. Wengine waliguna. Mzee Sefania akasema, "Kwanza tufukie barabara." Tukafukia. Nililima kwa hasira kuliko wanaume.

Kazi ilipoisha kamba ikafunguliwa. Wote wanajua kuwa pikapu ikisimama hapo haiondoki, ni lazima irudi nyuma mpaka penye usawa ishike kasi. Nehemia akaanza kunielekeza nirudi.

"Panda nyuma," nikamwambia. "Pandeni wote mnaoenea."

Akina mama walipanda na majembe yao, juu ya mchele, na shemeji yangu kati yao. Niliachia klachi taratibu. Gari likatikisika kidogo, likaondoka. Halikurudi hata hatua moja. Nyuma vigelegele vikapanda, na pale juu nilipoingiza namba mbili nilikuwa nalia, wala sikujali nani ananiona.

Tulipofika, Mzee Sefania, aliyekaa mbele nami, aliinama akautazama mshale wa mafuta kwa muda mrefu. Siku zote tukijaza tangi huko bondeni, tukifika juu robo yake huwa imeshakwisha. Sasa mshale ulikuwa umeshuka kidogo tu.

"Gari hili tulilivalisha viatu vya mtu mwingine," alisema, "halafu tukakugombeza wewe kwa mwendo wake. Tusamehe, mama."

Tangu siku hiyo, nikisikia mtu anataka tairi kubwa au difu la mwendo, namuuliza kama yule fundi alivyoniuliza: gari lako linafanya kazi wapi? Lakini pale nilivuta breki ya mkono, nikazima gari. Mzee alifungua mlango, akashusha mguu mmoja, kisha akageuka.

"Mkwe wangu amefikisha siku zake za kujifungua. Kesho asubuhi anatakiwa awe hospitali Same," alisema. "Nataka umpeleke wewe."