Mgeni wa Chumba cha Kimya

Amecheka jamani, amecheka kwa sauti! Namsema yule mama anayekuja kwetu mjini Skopje kila vuli, peke yake, na kulala kwenye kihoteli cha bibi yangu kwa sababu ni cha bei rahisi na tangazo letu linasema "kimya kabisa". Kabla hajapokea ufunguo hubandika sikio kwenye ukuta wa chumba, huchomoa waya wa friji isivume, kisha husema "hiki kitafaa" kwa sauti ndogo, utadhani kuna mtoto kalala. Viatu huvulia ngazini. Chai hunywa akiangalia ukuta, vidole vinanyoosha kitambaa cha meza ambacho kimeshanyooka zamani.

Sasa leo tulikuwa uani tunachoma pilipili hoho za kusaga na kuweka akiba ya majira ya baridi, kama kila nyumba hapa, na bibi akaanza kurushiana maneno na jirani yetu Trajanka.

"We Trajanka, unamenya au unazikanda?"

"Nyamaza, mzee! Zako zimekuwa makaa!"

Dirisha la mgeni likafunguka. Bibi akashika mdomo, akajua mteja tumempoteza. Mgeni akashuka, viatu mkononi.

"Tusamehe dada, tunanyamaza sasa hivi," bibi akamwambia.

"Msinyamaze," akasema. "Kimya ninacho nyumbani."

Trajanka akampa kisu. "Basi kaa umenye, na ukizikanda nakutukana na wewe!"

Ndipo akacheka. Halafu akaomba ahamishiwe chumba cha ubavuni mwa jiko, kile cha kelele ambacho watu wote hukikataa.

Kama unamjua mtu wa hivi, mtumie hii.