Siku Tatu za Kutafuta Mwanga Kibosho

Niliondoka kwangu Soweto, mjini Moshi, asubuhi ya Ijumaa nikiwa na hofu tele. Paroko wa parokia moja ya Kibosho alikuwa ameniomba nitazame nyumba ya mawe ya enzi za wamisionari, ambayo kina mama huitumia kushonea. Ina giza, na Jumapili baada ya misa baraza la parokia lingeamua ikarabatiwe au ibomolewe. Mimi huchora ramani za nyumba mpya. Jengo la zamani sikuwahi kuligusa, na hilo sikumwambia paroko.

Saa nne bodaboda ilinishusha, matope mpaka magotini. Mama Felista, kiongozi wa washonaji, alikuwa ameweka cherehani mlangoni.

"Karibu. Sisi tunagombania mlango," alisema. "Mvua ikija, kazi imekwisha."

Ndani, kuta zilikuwa nene na madirisha madogo. Kipima mwanga kilinikatisha tamaa, na kuvunja mawe ili kupanua madirisha niliogopa. Nje ya dirisha niliona safu ya mimea yenye majani marefu, imesongamana. Nikajua mchawi ni huyo. Nikaazima panga, nikakata mashina mawili. Kipimo kikapanda, nikafurahi kama mtoto.

Mama Felista alipotoka alishika kichwa. "Mama, haya ni masale. Ni mpaka wa shamba la jirani, Babu Aloisi. Huku masale hayakatwi ovyo. Na Babu ni mjumbe wa baraza."

Mimi ni mzaliwa wa Singida. Kwangu yalikuwa majani tu.

Alasiri alinipeleka kwa Babu, nimeshika jani la isale alilolifunga fundo. Kwa Wachagga, anayeomba radhi hupeleka jani hilo, na anayeletewa huona vigumu kukataa. Tulimkuta Babu akimkatia ng'ombe migomba.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Ulikuwa unatafuta nini pale?"

"Mwanga."

"Ungeuliza." Alilipokea jani, akalitia mfukoni. "Kesho utapanda mengine. Na upande ule usiuguse tena."

Jumamosi nilianza kwa kupanda masale. Kisha nikakaa ndani mchana kutwa, nikitazama mwanga unaingilia wapi na unaishia wapi. Kumbe uliingia, ila ulimezwa na kuta zilizojaa masizi na dari ya mbao nyeusi. Kina mama wakaleta mashuka meupe, tukayatundika kwenye kingo za madirisha na ukutani. Pembe za mbali zikaanza kuonekana. Hata hivyo sikutulia, maana shuka ni la majaribio tu, si chokaa ya kudumu ukutani.

Jumapili wajumbe waliingia, nami nikaeleza kwa sauti inayokatika: kuta zipakwe chokaa, dari iondolewe, na paani, juu ya meza ya kukatia, yawekwe mabati mawili angavu ya kupitisha mwanga. Mwenyekiti akamgeukia Babu Aloisi, ambaye alikuwa ameshatembea mpaka mwisho wa chumba na kuweka kiganja ukutani.

"Mimi nilikuja kusema ibomolewe," alisema. "Nimesoma humu darasa la kwanza mpaka la nne. Huu ukuta wa nyuma ndiyo kwanza leo nauona."

Nilirudi Moshi jioni ile, baraza limeamua jengo likarabatiwe na hofu yangu imeongezeka, kwa kuwa sasa kazi ilikuwa yangu kweli. Nilikuwa nikidhani kuleta mwanga ni kuondoa kinachouziba. Siku hizi nikiitwa kwenye jengo la zamani, nakaa ndani siku nzima kabla ya kushika kalamu, na kabla ya kuingia ndani nawasalimu majirani.