Chakula Nafunga, Dawa Sifungi

Nakumbuka jioni moja mtaani Makina, mwanangu, jirani yangu Zuhura amesimama mbele ya mama yake, mkono ameunyoosha, anaomba kichupa chake cha insulini kama mtu anayeomba chumvi. Mama yake amekaa kitandani, anatikisa kichwa. Kesho yake asubuhi Zuhura alikuwa apasuliwe tumbo.

Nakusimulia wewe kwa sababu juzi ulikuja hapa kwangu Kawangware umenuna, ukasema nawe utapasuliwa na unaogopa kisu. Kisu mimi sikiogopi sana, madaktari wenyewe wanakijua. Lakini wewe unadunga insulini tangu shule ya msingi, na kuna neno moja utaambiwa ambalo nusura limponze Zuhura.

Wakati huo nilikuwa kijana, nimetoka Kitui, nimepanga chumba kwenye ploti ya Mama Zuhura. Zuhura alikuwa fundi wa kushona madera. Kisukari chake kilikuwa kile cha utotoni kama chako, mwili hautengenezi insulini hata tone. Friji hatukuwa nayo. Vichupa vyake alivitia kwenye chungu kidogo, chungu akakikalisha ndani ya beseni la mchanga uliolowa maji, na ole wako uguse. Halafu alikuwa na mdomo huyo dada! Mteja akimuuliza kama sukari haijammaliza, alijibu, "Itanimaliza aje na mimi ndio bosi yake?" Mimi nilikuwa nikimhusudu, na ugonjwa wenyewe hata sijauelewa.

Basi alipata uvimbe kwenye kizazi, daktari akasema utolewe. Siku ya kupewa maagizo alienda na mama yake. Nesi akasema, tangu usiku, mgonjwa afunge. Na Mama Zuhura akalisikia hilo neno kwa masikio ya Makina. Kule ni mtaa wa Waislamu, ukisema kufunga, hata mtoto wa madrasa anajua maana yake: hakuna kula, hakuna kunywa, hakuna dawa, mpaka saa ya kufungua. Alipofika nyumbani akakitoa kichupa kwenye chungu, akakifunga kwenye pindo la leso yake.

"Kufunga ni kufunga," akasema. "Hujala, sindano ni ya nini? Ikushushe sukari ufie kwa meza ya daktari?"

Usimcheke, mwanangu. Sukari ikishuka mno inaua kweli, na yule mama alimpenda binti yake kuliko macho yake mwenyewe. Tatizo ni kwamba kukosa insulini kabisa kunaua vilevile. Zuhura alipokuwa msichana aliwahi kuachishwa sindano ili ajaribu mitishamba. Alitapika, pumzi ikanuka matunda yaliyooza, akapoteza fahamu. Watu wenye kisukari chenu hawaihitaji insulini kwa ajili ya sahani tu. Hata ukilala njaa mwili unaitaka, na ukipasuliwa sukari hupanda kwa ule mshtuko.

Mimi ningepiga kelele. Zuhura hakupiga. Alipiga magoti akamshika mama yake mikono.

"Mama, skiza. Hii ni kufunga ya hospitali, si ya Ramadhani. Chakula nafunga, dawa sifungi."

"Nani amesema?"

"Si tuulize wenyewe?" Akanigeukia mimi. "Mwende, leta hiyo simu yako."

Simu zilikuwa ndiyo zinaanza kuingia mtaani, na yangu ilikuwa kubwa kama kipande cha sabuni. Tukapiga wodini. Mama Zuhura akaing'ang'ania mwenyewe, kwanza ameishika juu chini, nikamgeuzia. Sauti ya nesi tuliisikia sote.

"Mama, ile sindano ya chakula asidunge, kwa vile hatakula. Lakini hiyo ya usiku, hiyo inafanya kazi polepole, lazima adunge, apunguze tu vile daktari alimwambia. Akiacha yote, kesho hatumpasui, tutaanza kupigana na sukari."

"Na ikishuka?"

"Apime. Ikishuka mlete saa hiyo hiyo, tuko."

Mama Zuhura alinirudishia simu, akanitazama kama mimi ndiye niliyemficha nesi mle ndani. Kisha akalifungua pindo la leso, polepole, akamwekea binti yake kichupa mkononi.

"Haya," akasema, "nimefungua."

Zuhura alicheka mpaka sindano ikamtetemeka.

Asubuhi aliingia wa kwanza kupasuliwa. Daktari wa usingizi alimwekea dripu ya maji ya sukari na nyingine ya insulini, wakawa wanampima damu muda wote amelala. Alipotoka, macho bado hayajafunguka vizuri, swali lake la kwanza lilikuwa, "Sukari ngapi?" Uvimbe hata hakuutaja. Nilicheka huku nalia, kwa jinsi nilivyomstahi.

Aliporuhusiwa kunywa uji, nesi alikuja kumtoa dripu. Mama Zuhura akaweka thamosi chini, akaudaka mkono wa nesi.

"Unatoa hiyo aje na hujampa sindano yake?"

Nesi akacheka, akamwonyesha sindano imelala tayari kwenye trei. Zuhura alimtazama mama yake kwa namna ambayo sijaisahau, na leo wote wawili wanaishi palepale Makina, wanagombana kuhusu cherehani.

Kwa hiyo mwanangu, ukiambiwa ufunge, uliza: nafunga nini na nini sifungi? Sindano gani, kiasi gani, nani atanipima. Kiasi atakupangia daktari wako, si mimi wala shangazi yako. Usiache insulini kwa kukisia. Mwambie anayekupasua, mwambie wa usingizi, mwambie hata anayesukuma kitanda, kwamba yako ni ile ya utotoni. Ukihisi jasho na kutetemeka kabla hujaingia, sema hapo hapo, usione haya. Na ukiwa na mama mwenye woga, mshike mikono kwanza.

Mungu aibariki mikono itakayokushika. Akulaze salama, akuamshe salama, na akurudishe hapa kwangu ukiwa na njaa.